Diski imebadilisha jina, haionekani au haipachikwi: kutafuta chanzo kwenye Linux

Studio moja ya picha niliyokuwa nikiihudumia ilikuwa na kompyuta ya Linux yenye diski mbili kubwa, moja ya kazi na nyingine ya nakala rudufu. Kila usiku skripti (faili ya amri zinazojiendesha) ilipachika (mount, yaani kuunganisha diski na folda ili isomeke) `/dev/sdb1` na `/dev/sdc1`, ikasawazisha ya pili ifanane na ya kwanza, ikazipachua. Ilikwenda hivyo kwa miezi. Kisha umeme ukakatika mchana, ukarudi jioni, kompyuta ikawaka, na diski ya nakala ikaamka kabla ya ile ya kazi. Majina yakabadilishana. Usiku ule skripti ilichukua hali ya jana na kuimwaga juu ya kazi ya leo, na kwa kuwa iliagizwa kufuta kila kisichokuwepo upande wa chanzo, ikafuta picha za harusi iliyoingizwa saa chache kabla. Kadi ya kamera ilikuwa imeshafomatiwa. Tuliokoa sehemu kwa PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, nyingine zikaenda moja kwa moja.

Hakuna diski iliyoharibika siku ile, wala programu iliyokosea. Kosa lilikuwa kuamini kwamba `sdb` ni jina la diski. `sdb` ni nafasi kwenye foleni: kerneli, kiini cha Linux, hugawa herufi kwa kadiri inavyovigundua vifaa, na huvitafuta vingi kwa wakati mmoja. Anayeamka kwanza ndiye `sda`. Enzi za kebo pana za IDE, `hda` na `hdc` zilifungwa kwenye tundu maalumu la madabodi, na ndiyo maana wengi wetu tuliojifunza zamani tulibaki na imani hiyo. NVMe, diski za kisasa za kasi, haikutuponya: katika `nvme0n1`, ile 0 nayo ni zamu tu, na kompyuta yenye NVMe mbili inaweza kuzigeuza.

Mengi ya yanayofuata yanarudi hapo. Kabla ya kutibu chochote, ijue kwanza diski unayoishika.

Kwanza itambue

Amri ninayoanza nayo siku zote ni hii:

```
lsblk -o NAME,SIZE,TRAN,MODEL,SERIAL,FSTYPE,LABEL,UUID,MOUNTPOINT
```

Safu ya `TRAN` inakuambia diski imepita wapi kufika: `sata`, `usb` au `nvme`. `SERIAL` ni namba iliyochapishwa kwenye karatasi ya diski yenyewe, kwa hiyo unaweza kuilinganisha kwa macho na chuma kilicho mkononi mwako. `UUID` ni kitambulisho kilichoandikwa ndani ya mfumo wa faili (mpangilio wa faili kwenye diski, kama ext4 au NTFS) siku partisheni, yaani kipande cha diski, ilipofomatiwa. Kinaifuata partisheni popote iendako, iwe tundu jingine, kebo nyingine au kompyuta nyingine, mpaka mtu aifomati upya.

Urefu wa UUID nao unasema kitu. Ya ext4, XFS na Btrfs ina herufi na tarakimu 32 zilizotengwa kwa vistari. Ya NTFS ina 16 mfululizo. Ya FAT32 na exFAT ni 8 tu, kama `4A3B-1C2D`. Mtu akikutumia UUID fupi akisema ni ya ext4, ameangalia partisheni isiyo yenyewe, na mara nyingi ni ile ndogo ya EFI, inayotumika kuwasha kompyuta.

Usishangae pia kwamba diski ya terabaiti 1 inaonyesha 931G. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, `lsblk` huhesabu kwa 1,024. Hakuna kilichoibwa.

Njia nyingine nzuri ni folda `/dev/disk/`. Ndani yake kuna `by-uuid`, `by-label`, `by-partuuid`, `by-id` na `by-path`. Ya `by-id` imejengwa kwa modeli na namba ya seriali, hivyo hiyo ndiyo ya kutumia unapoishughulikia diski nzima, kwa mfano kabla ya kuifuta. Ya `by-path` hutaja tundu, si diski. Inafaa pale unapotaka chochote kitakachochomekwa kwenye tundu la pili kitendewe jambo fulani. Lebo ni rahisi kusomeka, ila ni fupi (ext4 inakubali baiti 16, XFS 12, FAT herufi 11) na hakuna kinachozuia diski mbili kupewa lebo moja. Nimeona ofisi yenye flashi nne zote zikiitwa DATA.

Tahadhari moja kuhusu `by-id` kwa diski za USB. Makasha (maboksi ya USB yanayobeba diski) ya bei rahisi huficha namba ya diski na kutaja yake, na makasha ya aina moja wakati mwingine hutoka kiwandani yakiwa na namba ileile. Ukichomeka mawili ya namna hiyo, yanagombania kiungo kimoja, na anayeshinda leo si lazima ashinde kesho. Hapo tegemea UUID ya mfumo wa faili.

Dalili: jana ilikuwa sdb, leo ni sdc

Chanzo umeshakijua. Tiba ni kuondoa kila `/dev/sdX` kwenye `/etc/fstab` (faili inayoorodhesha diski za kupachika wakati wa kuwaka), kwenye skripti na kwenye ratiba za cron. Mstari wa fstab unaofaa unafanana na huu:

```
UUID=3f1c9a52-7b0e-4d1e-9c55-0a6de2b7418f  /data/picha  ext4  defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s  0  2
```

Usiandike UUID kwa mkono. Inakili kutoka `lsblk -f` au `sudo blkid`. Na usiipitishe WhatsApp wala programu ya barua, kwa sababu njiani zinaweza kugeuza alama za kunukuu ziwe zile zilizopinda, ambazo fstab haizielewi kamwe. Nilipoteza nusu siku kwa alama moja ya namna hiyo: machoni mstari ulikuwa sahihi kabisa, kumbe ndani ya faili kulikuwa na herufi ngeni. `cat -A /etc/fstab` huzianika zote, pamoja na vile viishio vya mistari vya Windows vinavyoonekana kama `^M`. Kama njia ya folda ina nafasi, iandike `\040` mahali pa nafasi hiyo.

Ukimaliza kuhariri, usiwashe upya moja kwa moja. Fanya haya kwanza:

```
sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
```

Ya kwanza husoma fstab na kukuonyesha makosa kabla hayajakufungia nje. Ya pili inasahaulika sana: systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, huigeuza fstab kuwa yuniti zake wakati wa kuwaka, na usipoiambia isome upya inaendelea kushika ya zamani. Kuna watu wamepachika diski mpya wakaona inapachuliwa yenyewe papo hapo, kwa sababu systemd ilikuwa bado inaamini mahali pale ni pa diski ya zamani isiyokuwepo tena.

Dalili: kompyuta inasubiri dakika moja na nusu, kisha inaangukia hali ya dharura

Hii ndiyo inayowatisha watu kuliko zote, na mara nyingi diski ya mfumo haina hata mkwaruzo. Skrini inasema inasubiri kifaa, inahesabu hadi sekunde 90, halafu inakupa mstari wa amri na neno "emergency". Maana yake ni kwamba fstab imetaja diski ambayo haipo: imeng'olewa, imefomatiwa upya ikapata UUID mpya, au kasha lake la USB halikupata umeme. Bila neno `nofail`, systemd huichukulia kila diski ya fstab kuwa ya lazima.

Ikikuomba nenosiri la root na unalo, ingia, fungua fstab kwa `nano`, weka `#` mbele ya mstari wenye tatizo, hifadhi, washa upya. Ila Ubuntu na ndugu zake huja na akaunti ya root ikiwa imefungwa, hivyo utaambiwa huwezi kuingia na utabaki unazunguka. Hapo washa upya, shikilia Shift au bonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB, kiwashaji cha Linux, ije, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake uongeze `init=/bin/bash`, kisha bonyeza Ctrl na X. Ukifika kwenye mstari wa amri:

```
mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab
sync
reboot -f
```

Ile ya kwanza ni muhimu, la sivyo mfumo uko katika hali ya kusoma tu na nano itakataa kuhifadhi. Kama diski ya mfumo imesimbwa au GRUB ina nenosiri, tumia flashi ya Linux inayowaka yenyewe, pachika partisheni ya mfumo kwenye `/mnt` na uhariri `/mnt/etc/fstab`.

Ukisharudi, ongeza `nofail` kwa kila diski ambayo kompyuta inaweza kuishi bila yake, na upunguze muda wa kusubiri kama kwenye mfano wa juu. Lakini `nofail` ina gharama yake, nitaieleza mbele kidogo.

Dalili: lsblk haiioni kabisa

Hapa usihangaike na fstab wala UUID. Kama kerneli haijaiona, mfumo wa faili hauhusiki bado. Fungua `sudo dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, chomoa diski, ichomeke tena, soma kinachotiririka.

Kimya kitupu, bila hata mstari mmoja, humaanisha waya, tundu au umeme. Kwa diski ya SATA ya ndani, angalia kama waya wa umeme umeingia sawasawa, kisha ingia BIOS uone kama nako imetajwa. Kwa USB, badilisha kebo kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Kebo nyingi zinazouzwa mitaani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Ukiona mistari ya `device descriptor read/64, error -71`, au `reset SuperSpeed USB device` ikijirudia, au diski inalia tik-tik na kujizima, shuku umeme. Tundu la USB 2 limepangiwa miliampea 500, la USB 3 miliampea 900, na diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 huhitaji zaidi ya hapo kwa ule muda mfupi inapoanza kuzunguka. Raspberry Pi 4 hugawa ampea 1.2 kwa matundu yake yote manne, hivyo diski mbili za kuzunguka juu yake ni kutafuta matatizo. Suluhisho ni habu yenye adapta yake ya umeme. Tundu la mbele la kompyuta ya mezani nalo ni dhaifu kwa sababu waya wake ni mrefu, hamia nyuma.

Kuna sura ya tatu: kasha linaonekana lakini ukubwa ni `0B`. Hiyo ni adapta inayoongea huku diski iliyo ndani yake haijibu. Itoe diski, ichomeke moja kwa moja kwenye SATA, ndipo utajua mgonjwa ni nani kati ya hizo mbili.

Dalili: inaonekana, lakini mount inasema "wrong fs type, bad option, bad superblock"

Ujumbe huu ni mpana mno kiasi cha kutosaidia. Ulivyo, ni sababu tano au sita zilizofungwa kwenye gunia moja. Ukweli uko kwenye mistari ya mwisho ya `dmesg`, na kwenye safu ya `FSTYPE`.

Anza na kosa rahisi kuliko yote: umejaribu kupachika `sdb` badala ya `sdb1`. Kwa kawaida diski nzima haina mfumo wa faili, partisheni ndiyo yenye nao.

Kama `FSTYPE` inasema `LVM2_member`, `crypto_LUKS` au `linux_raid_member`, hakuna kilichoharibika. Unachokiona ni ganda: LVM hugawa diski kwa mafungu, LUKS huisimba, RAID huunganisha diski kadhaa. LVM huamshwa kwa `sudo vgchange -ay`, kisha unapachika kilichojitokeza chini ya `/dev/mapper`. LUKS hufunguliwa kwa `sudo cryptsetup open` ukifuatisha kifaa na jina ulilochagua. RAID ya programu huunganishwa kwa `sudo mdadm --assemble --scan`. Naomba usikubali programu yoyote ya madirisha na vitufe ikuambie diski hizi "hazijafomatiwa" na ikutolee kitufe cha kuzifomati. Nimewahi kupigiwa simu dakika tano baada ya kitufe hicho kubonyezwa, na kwa LUKS dakika hizo tano zinatosha kabisa: kichwa chenye ufunguo kikishaandikwa juu, hata mwenye nenosiri haingii tena, labda awe alihifadhi nakala ya kichwa hicho mahali pengine.

Diski iliyotoka Windows ina tabia yake. Ile njia ya Windows ya kuwaka haraka haizimi mfumo kabisa, inaulaza tu, na NTFS inabaki na kazi iliyoshikwa mkononi. Linux ikiiona inasema mfumo wa faili si safi, au dereva wa `ntfs3` uliomo kwenye kerneli tangu toleo 5.15 unalalamika kwamba `volume is dirty`. Dawa halali ni kuirudisha diski Windows na kuzima kikamilifu kwa `shutdown /s /t 0`, na kama kompyuta ina mifumo yote miwili, izime kabisa tabia hiyo kwa `powercfg /h off`. `ntfsfix -d` huondoa alama ya uchafu, ila haiikagui diski kama Windows yenyewe inavyofanya kwa `chkdsk`. Mimi huitumia tu pale ambapo hakuna Windows karibu na mwenye data amekubali hatari.

Umenakili diski nzima kwa `dd` au Clonezilla, kisha ukaziacha zote mbili kwenye kompyuta moja? Sasa UUID moja ina wenyewe wawili. XFS inalikataa jambo hili waziwazi: `Filesystem has duplicate UUID`. Ipachike mara moja kwa `-o nouuid` ili imalizie shajara (journal) yake, ipachue, kisha uipe mpya kwa `sudo xfs_admin -U generate`. Ext4 hainung'uniki, na ndiyo maana ni ya hatari zaidi, kwa kuwa unaweza kufanya kazi wiki nzima ukidhani uko kwenye diski mpya. Ipe nakala kitambulisho kipya kwa `sudo tune2fs -U random` ikiwa imepachuliwa. Btrfs ndiyo ya kuogopwa. Hutambua vifaa vyake kwa UUID, hivyo ukiwa na nakala mbili zinazoonekana pamoja unaweza kuharibu data. Chomoa moja kabla ya kuwasha, hakuna njia ya mkato.

Ikiwa `FSTYPE` haionyeshi kitu na una hakika palikuwa na ext4, jaribu `sudo wipefs /dev/sdX1` bila kuongeza kitu (jaza herufi halisi baada ya kulinganisha seriali). Licha ya jina lake la kutisha, bila chaguo lolote huorodhesha tu alama inazozikuta na haifuti. Wakati mwingine utaona alama mbili, tuseme ya zamani ya FAT na mpya ya ext4, na ndipo `blkid` ilipokwama ikakataa kuchagua. Kama kitalu kikuu (superblock) cha ext4 ndicho kilichokufa, kuna nakala zake. `sudo mke2fs -n` pamoja na partisheni hutaja zilipo bila kuandika chochote. Hakikisha ile `-n` ipo, kwa maana bila hiyo unafomati. Kisha:

```
sudo e2fsck -b 32768 /dev/disk/by-id/ata-MODELI_SERIALI-part1
```

Namba 32768 ni ya kawaida kwa mfumo wenye vitalu vya kilobaiti 4.

Lakini simama. Kama `dmesg` ina `I/O error` au diski inatoa sauti ngeni, usikimbize `e2fsck` wala `chkdsk`. Hizo huandika, na diski inayokufa haitakiwi kuandikiwa. Chukua diski nyingine kubwa zaidi, unakili kwanza kwa `ddrescue`, halafu ufanye matibabu yote juu ya nakala:

```
sudo ddrescue -d -r3 /dev/disk/by-id/ata-MODELI_SERIALI /data/uokoaji/diski.img /data/uokoaji/diski.map
```

Lile faili la `.map` linatunza kumbukumbu ya sehemu zilizokwisha kusomwa, hivyo umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia. Kwa mazingira yetu hilo peke yake ni sababu tosha ya kuipenda kuliko `dd`.

Dalili: ilikuwa na data ndani ya kasha, nje ya kasha ni tupu

Diski ya nje ya terabaiti 3 au 4, kasha limekufa, unaitoa diski na kuichomeka kwenye SATA, na partisheni hazionekani. Watu hudhani data imepotea. Mara nyingi kasha lilikuwa likiionyesha diski kwa sekta za baiti 4,096, ilhali diski yenyewe inajitambulisha kwa sekta za 512. Makasha hufanya hivyo kwa sababu jedwali la zamani la MBR na sekta za 512 haliwezi kuvuka tebibaiti 2. Jedwali linasema "partisheni inaanza sekta ya 256", na sasa kila sekta imekuwa ndogo mara nane, hivyo kompyuta inaenda kutafuta mahali pasipo.

Njia salama ni kupata kasha jingine la modeli ileile. Kama halipatikani, hesabu mwenyewe na upachike kwa kusoma tu, ukizidisha sekta ya mwanzo kwa 4,096:

```
sudo losetup -r -f --show -o $((256*4096)) /dev/disk/by-id/ata-MODELI_SERIALI
```

Amri itajibu kwa jina kama `/dev/loop0`. Pachika hilo kwa `-o ro`. Kuna makasha mengine ambayo chipu yake husimba data yote bila mwenye diski kujua. Kwa hayo hesabu haitasaidia, ni lazima chipu ya aina hiyo ipatikane.

Dalili: imepachikwa, ila haiandikiki

Angalia `findmnt /data/picha`. Ukiona `rw` na bado unaambiwa "Permission denied", ni suala la umiliki. Ext4 iliyofomatiwa karibuni ni mali ya root, kwa hiyo `sudo chown` ya folda baada ya kupachika inatosha. FAT, exFAT na NTFS hazitunzi umiliki wa Linux kwa namna hiyo, hivyo `chown` haitakusaidia; andika `uid=1000,gid=1000,umask=022` kwenye fstab. Faili kubwa moja tu ikikataa huku ndogo zinaingia, ni FAT32, ambayo haipokei faili ya gibibaiti 4 au zaidi.

Ukiona `ro` wakati fstab inasema `rw`, kerneli imejifungia baada ya kukutana na hitilafu. Usikimbilie `remount,rw`. Tazama `sudo smartctl -a`, inayosoma afya ya diski, kwanza. Kipengele cha 5, 197 na 198 (sekta mbovu) vikiwa juu ya sifuri na vinapanda, uso wa diski unaoza: toa data. Cha 199 (makosa ya kusafirisha data) kikipanda peke yake, mara nyingi tatizo ni waya wa SATA. Waya mpya ni wa bei ndogo sana, na nimewazuia wateja zaidi ya mmoja kutupa diski nzima kwa sababu ya kipengele hicho. Hesabu ya 199 hairudi nyuma hata ukishabadilisha waya; unachotazama ni kama imeacha kupanda.

Flashi inayodai terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni dalili ya peke yake. Inapachikwa vizuri, inapokea faili, na zile za mwanzo zinafunguka. Za baadaye ni takataka. `f3write` na `f3read` huijaza na kuisoma upya, na zitakutajia ukubwa wake wa kweli.

Dalili: folda iko, lakini faili hazipo, na diski ya mfumo imejaa

Hii ndiyo gharama ya `nofail` niliyoiahidi. Diski haikupachikwa, kompyuta ikawaka vizuri bila kulalamika, na skripti ya usiku ikaikuta `/data/picha` ikiwa folda ya kawaida, tupu, juu ya diski ya mfumo. Ikaandika humo. Siku diski inapopachikwa tena, faili zile zinafunikwa. Hazionekani lakini nafasi zimekula, na `df` na `du` hazikubaliani.

Kuzichungulia bila kupachua chochote:

```
sudo mkdir -p /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
sudo ls -la /mnt/chini/data/picha
```

Ukishazihamisha, zuia isijirudie. Diski ikiwa imepachuliwa, piga `sudo chattr +i /data/picha`. Folda tupu ya chini inakuwa haiandikiki hata kwa root, na diski ikipachikwa juu yake kila kitu kinafanya kazi kama kawaida. Huduma zinazoendeshwa na systemd ziongezewe `RequiresMountsFor=/data/picha`. Na skripti ianze hivi:

```
mountpoint -q /data/picha || exit 1
mountpoint -q /data/nakala || exit 1
```

Kwa studio niliyoisimulia, tuliongeza pia ukaguzi wa UUID, ili skripti isiridhike kwamba *kuna diski* mahali pale, bali ihakikishe ni *ile* diski:

```
[ "$(findmnt -no UUID /data/nakala)" = "UUID_YA_NAKALA" ] || exit 1
```

Dalili: "target is busy", haitaki kupachuliwa

Kuna aliyeishika. `sudo fuser -vm /data/picha` humtaja. Mara nyingi ni terminali yako mwenyewe iliyosimama ndani ya folda hiyo. Ikiwa fuser inarudi kimya, tafuta upachikaji mwingine ndani yake kwa `findmnt -R /data/picha`, au faili ya swap. `umount -l` huondoa jina tu huku uandishi ukiendelea chini kwa chini. Ukichomoa kebo baada ya hapo umeichomoa diski inayofanya kazi.

Kujaribu kabla ya kuondoka

Sikabidhi kompyuta mpaka nimefanya jambo moja. Naizima, nabadilishana waya za SATA kati ya diski mbili, nahamisha ile ya USB kwenye tundu jingine, nawasha, kisha napiga `findmnt` na kulinganisha seriali na karatasi zilizobandikwa kwenye diski. Halafu nazima tena, nachomoa diski ya nakala kabisa, nawasha, na kuangalia kama kompyuta inafika mpaka mwisho na skripti inakataa kukimbia. Pale studio, mara ya kwanza skripti ilikataa hata diski ya nakala ikiwa imepachikwa. Nilikuwa nimeandika UUID ya partisheni ya EFI.